Eskaveta Haibahatishi: Hesabu Iliyomchoma Anko Wangu

Leo sina stori ya mapenzi na sina drama ya msanii yeyote. Leo nataka kuongea kuhusu hesabu. Ngoja kwanza, usipite. Hii ni hesabu iliyomchoma anko wangu mkono.

Anko wangu, mdogo wake mathe, ni opereta wa eskaveta. Ile mashine watoto wa huku wakiiona wanakimbia nayo barabarani wakipiga kelele "katapila! katapila!" Mwaka jana alikuwa kwa kazi ya kuchonga barabara ya mtaani hapa upande wetu wa Nyamache. Kama hujawahi kufika huku, jua tu hivi: tambarare ni kitu tunaona kwa picha. Ni mlima, chai, migomba, halafu mlima tena. Mvua ikinyesha, udongo mwekundu unageuka sabuni. Hata lori za majani chai zinapanda zikilia.

Sasa ile mashine ilianza tabia. Anko aliieleza vizuri sana, na nataka uyashike maneno yake matatu kwa sababu tutayarudia. Moja: kwa tambarare inaenda sawa. Mbili: ikipanda mlima inavuta kushoto, kama mlevi anayetafuta mtaro. Tatu: asubuhi na baridi yetu ya huku ina nafuu, lakini ikifika saa nane mchana inakuwa mbaya kabisa.

Akaitwa fundi. Fundi akasikiliza dakika mbili, akasema, "Hii imeishiwa nguvu. Inataka presha." Akatoa spana, akakaza vali kubwa ya usalama, akaongeza nusu mzunguko. Hakuweka geji. Hakuandika namba yoyote. Akalipwa, akapanda boda, akaenda.

Mashine ikaendelea kuvuta kushoto vilevile. Lakini siku iliyofuata, mkono wa eskaveta ulipogonga mwamba, presha ilipanda kuliko ilivyozoea. Paipu moja nzee ya mkono ikapasuka. Mafuta ya moto yakaruka mpaka ndani ya kibanda, dirisha lilikuwa wazi, yakamshukia anko kuanzia kiwiko hadi vidole.

Mimi ndiye nilimshikilia nyuma ya boda tukienda hospitali. Sitasahau ile safari.

Alipona, ashukuriwe Mungu, kovu tu lilibaki. Lakini jioni moja akiwa bado amefungwa bandeji, tukiwa jikoni kwa nyanya tunangoja chai, akaniuliza swali. "Wewe si ndiye ulipata B+ ya hesabu? Hebu niambie, kwa nini inaenda kushoto?"

Wasee, sikuwa na jibu. Miaka minne ya sekondari, vitabu vyote vile, na mtu wangu wa damu ananiuliza swali moja la maana, mimi naangalia moto.

Hilo swali lilininyima usingizi, na nililifuata mpaka nikalimaliza. Sasa nataka kukuonyesha jibu, halafu nikuambie kinachonikasirisha.

Eskaveta haitembezwi na injini moja kwa moja. Injini inazungusha pampu, pampu inasukuma mafuta, mafuta yanaenda kuzungusha mota mbili za haidroliki, moja kwa kila mnyororo. Mota ni kama pampu iliyogeuzwa: pampu inazungushwa ili itoe mafuta, mota inapewa mafuta ili izunguke.

Mota ina namba moja kubwa ya kujua: inakunywa mafuta kiasi gani ili izunguke mara moja. Tuseme yetu inakunywa sentimita za ujazo 100, yaani chupa ndogo kabisa ya dawa ya kikohozi. Hizi namba zangu ni za mfano, ili hesabu iwe rahisi kufuata.

Sasa fikiria kazi. Kazi inayoingia kwa mzunguko mmoja ni presha mara ule ujazo. Kazi inayotoka ni nguvu ya kuzungusha, ambayo mafundi wanaiita toki, mara mzunguko mzima, na mzunguko mzima ni 2π. Kama hakuna kinachopotea, kinachoingia ni sawa na kinachotoka. Kwa hivyo toki ni presha mara ujazo, gawanya kwa 2π. Ndiyo hiyo tu. Ile π iliyokutesa kwa duara ndiyo imekaa ndani ya eskaveta.

Ukitumia bar kwa presha na sentimita za ujazo kwa mota, unagawanya kwa 62.8 na jibu linakuja kwa niutoni-mita. Mota yetu ikiwa na presha ya bar 200: 100 mara 200 ni 20,000. Gawanya kwa 62.8 unapata 318. Msuguano unakula kidogo, tuseme asilimia 10, tunabaki na 286.

Hiyo ni ndogo, si ndiyo? Lakini mota imefungwa kwa giaboksi. Ikipunguza mwendo mara 50, toki inapanda karibu mara 50: tuko 14,300. Gurudumu la meno linalovuta mnyororo lina nusu kipenyo cha mita 0.35, kwa hivyo mvuto ni kama niutoni 41,000 kila upande. Pande mbili ni 82,000, yaani kama uzito wa tani nane na kidogo.

Sasa leta mlima wetu. Mashine ya tani 20 kwa mteremko unaopanda mita 3 kwa kila mita 10 za mbele. Mlima unairudisha nyuma kwa nguvu sawa na uzito wa tani tano na nusu na kidogo. Ongeza tope linalonata na msuguano wa minyororo, unafika hapo kwa nane. Maana yake, kwa bar 200 mashine hii inapanda.

Na vali ya usalama imewekwa ngapi? Mashine nyingi za ukubwa huo zinakaa juu ya bar 300. Sasa ona vile fundi alikosea. Vali ya usalama ni kama mlango wa dharura kwa matatu: unafunguka mambo yakizidi. Ikiwa mlima unataka bar 200 na mlango unafunguka juu ya 300, basi safari nzima ya kupanda mlango umefungwa. Kukaza mlango uliofungwa hakumsaidii abiria yeyote. Kwa mlima, ile nusu mzunguko ya spana ilikuwa sufuri. Kwa mkono uliogonga mwamba, ambapo presha inafika kwa mlango, ndipo ilifanya kazi. Ikapasua paipu.

Na hapa kuna siri ambayo ingekuwa ya kwanza kwa kila darasa: pampu haitengenezi presha. Pampu inatengeneza mwendo wa mafuta. Presha inaletwa na mzigo. Mlima ndio unaopandisha presha, mwamba ndio unaopandisha presha. Hakuna mzigo, presha inalala.

Sasa kwa nini kushoto?

Kwa sababu swali halikuwa la nguvu. Lilikuwa la mwendo. Hesabu ya mwendo ni nyingine: chukua mafuta yanayofika kwa mota kila dakika, gawanya kwa kile mota inakunywa kwa mzunguko. Lita 100 kwa dakika, kwa mota ya sentimita 100, ni mizunguko 1,000. Lakini si mafuta yote yanafanya kazi. Mengine yanapita kwenye nafasi nyembamba ndani ya mota yakirudi kwa tangi bila kuzungusha chochote. Mota ikizeeka, hizo nafasi zinapanuka. Na mvujo huo una kanuni: unaongezeka presha ikipanda, na unaongezeka mafuta yakiwa mepesi.

Weka namba. Mota ya kulia ni nzima, inavujisha lita 1 kwa kila bar 100. Ya kushoto imechoka, inavujisha lita 10 kwa kila bar 100.

Kwa tambarare mzigo ni mdogo, tuseme bar 60. Kulia inapoteza chini ya lita moja, mizunguko ni 994. Kushoto inapoteza lita 6, mizunguko ni 940. Tofauti ipo, lakini opereta mzoefu anairekebisha kwa mkono bila hata kujua amerekebisha.

Panda mlima, bar 200. Kulia ni 980. Kushoto ni 800. Mnyororo wa kushoto unabaki nyuma, na mashine inageuka upande unaobaki nyuma. Kushoto.

Ngoja saa nane. Mafuta yamepata moto, yamekuwa mepesi, tuseme uzito wake wa kutiririka umeshuka nusu. Mvujo unakuwa mara mbili. Kulia ni 960. Kushoto ni 600.

Tambarare sawa, mlimani kushoto, mchana mbaya zaidi. Maneno matatu ya anko, yote matatu, yametoka kwa karatasi moja. Siku nilipomaliza hiyo hesabu nilisimama katikati ya shamba la chai nikacheka peke yangu kama kichaa.

Na kuijaribu hakukuhitaji kompyuta. Mota ina paipu ndogo inayorudisha mafuta yaliyovuja. Fundi mwingine, mzee mtulivu, alikuja, akaisikiliza hesabu yangu, akatabasamu, akasema, "Hiyo najua, lakini sikuwahi kuiona imeandikwa." Akaipima mota kwa njia yake salama, jerikani ya lita 20 na saa ya simu. Upande wa kulia, mafuta ya dakika nzima hayakufunika hata tako la jerikani vizuri. Upande wa kushoto, jerikani ilijaa kabla dakika haijaisha. Mota ikafunguliwa, ikatengenezwa, vali ikarudishwa mahali pake kwa geji. Mashine sasa inapanda kama Mkristo anaenda kanisani.

(Usiende kujaribu hii mwenyewe, tafadhali. Mafuta ya presha yanaweza kutoboa ngozi kwa tundu dogo kama la sindano. Halitoki damu nyingi, unaona ni kitu kidogo, kumbe ndani nyama inaoza. Ukipigwa na mafuta hayo ni hospitali saa hiyo hiyo, si kesho.)

Sasa nifike kwa kinachonikasirisha.

Kidato cha kwanza tulifundishwa presha. Tulichora ile jeki ya haidroliki, pistoni ndogo na pistoni kubwa, tukakariri jina la Pascal, Mfaransa wa karne ya 17. Kidato cha pili tukafundishwa nguvu ya kugeuza, ile ya rula na mawe. Kwa hesabu tukafundishwa duara na uwiano. Vipande vyote vya jibu la anko vilikuwa kwa daftari langu. Vyote! Lakini hakuna siku hata moja mtu alivishonea pamoja. Na nje ya dirisha, wiki mbili nzima, eskaveta ilikuwa inachimba barabara. Tulifunga madirisha kwa sababu ya kelele.

Unakumbuka ule mjadala wa mtaala mpya? Mpango ulikuwa kwamba hesabu isiwe lazima kwa kila mtu akiingia sekondari ya juu. Watu wakapiga kelele, na Aprili 2025 Waziri wa Elimu Julius Ogamba akatangaza kwamba itakuwa lazima: walio upande wa sayansi na teknolojia wachukue ile nzito, wengine wachukue ile nyepesi ya maisha ya kawaida. Nchi nzima ikagawanyika. Mimi pia nilibishana mpaka bando ikaisha.

Leo naona tulibishania mlango uliofungwa, kama yule fundi. Tulikuwa tunakaza vali. Lazima au si lazima ni swali la presha. Tatizo letu ni mvujo. Saa nyingi sana za hesabu zinaingia kwa kichwa cha mwanafunzi, na karibu zote zinarudi kwa tangi bila kuzungusha chochote. Unaweza kuongeza masomo ya ziada, ongeza mitihani, ongeza viboko vya maneno. Kama mvujo uko palepale, utapasua paipu tu. Na tumeona watoto wakipasuka.

Najua kuna wasee watasema, "Wewe unajifanya msomi. Mafundi wetu wametengeneza mashine miaka 30 bila fomula." Ni kweli, na sitaki kuwadharau. Yule fundi mzee alikuwa anaisikia mashine kwa masikio. Anko mwenyewe, bila hesabu, alitoa ushahidi wote matatu bila kukosea. Masikio ni data, wasee. Opereta ni mtafiti ambaye hakuna mtu anamuuliza.

Na nakubali jambo lingine: hesabu pia ina uongo wake. Ile fomula ya kwanza inadhani hakuna msuguano. Mhandisi Mmarekani W. E. Wilson, huko miaka ya 1940, aliigawa hasara ya toki kwa sehemu: kuna inayobaki ileile wakati wote kama ya mipira ya kuzuia mafuta, kuna inayokua na presha, na kuna inayokua na mwendo na unene wa mafuta. Hata hivyo, mota ikianza kutoka kusimama inakataa zaidi ya vile karatasi inasema, na mota ya zamani haifanani na kitabu cha kiwandani. Kwa hivyo modeli si Biblia. Ni kama ramani ya boda: haikuonyeshi kila shimo, lakini inakuzuia kuelekea Kilgoris ukitafuta Keroka.

Lakini tofauti ya kubahatisha na kukadiria ni hii: anayekadiria anaweka namba mezani, na namba inaweza kukataliwa na jerikani. Anayebahatisha hakataliwi na kitu. Mashine isipopona anasema ni mashine. Na mtu mwingine anaungua.

Kwa hivyo naomba vitu vitatu.

Kwa walimu wetu, na najua mmechoka na darasa zimejaa: eskaveta ikija karibu na shule, fungueni dirisha. Omba msimamizi dakika 40. Acha opereta aseme mashine yake inaumwa wapi, halafu darasa litafute sababu. Si lazima iwe eskaveta. Posho mili, pampu ya maji, jeki ya kuoshea magari, zote zina swali ndani.

Kwa wenye mashine na wanaosimamia kazi: geji ya presha ni rahisi kuliko mkono wa mtu. Kabla fundi hajagusa vali, mwambie aandike namba ya kabla na namba ya baada. Akikataa, huyo anacheza bahati nasibu na mwili wa opereta wako.

Na kwa wewe, mwenzangu, ambaye umemaliza shule na unaambiwa kila siku "jifunze ufundi." Jifunze, kabisa. Nenda chuo cha ufundi, fanya majaribio ya NITA, daraja la tatu, la pili, la kwanza. Lakini usiende ukidhani umeikimbia hesabu. Kumeniudhi sana hii tabia yetu ya kugawa watu: huyu ni wa kalamu, huyu ni wa spana. Spana bila kalamu ilimchoma anko wangu. Kalamu bila spana, hiyo ilikuwa mimi, nimekaa jikoni kwa nyanya na B+ yangu, nikiangalia moto.

Anko amerudi kazini. Siku hizi ana kidaftari kidogo kwa kibanda, anaandika saa, joto la mafuta na vile mashine inatembea. Wiki iliyopita alinipigia saa moja asubuhi, kabla sijaamka vizuri. Hakuuliza habari yangu. Alisema, "Mkono unashuka polepole nikiuacha juu, na mchana unashuka haraka zaidi. Mimi nadhani ni mvujo. Wewe unasemaje?"

Nilimwambia, "Anko, umenishinda. Sasa tafuta ni wapi."

Na wewe unayesoma hii, jana kuna mashine ulipita karibu nayo ikilia vibaya. Leo ukipita, simama kidogo. Muulize mwenyewe inalia saa ngapi.